Pijo ya Ami na mashine ya polishi

Ukingoni mwa boneti ya Peugeot 504 ya Ami yangu, upande wa dereva, kuna kovu la kijivu lenye urefu wa kidole cha shahada. Ile ni praima, tabaka la chini linalopakwa kabla ya rangi. Rangi ya bluu iliyokuwa juu yake iliondoka kwa muda usiofika nusu dakika, siku kijana mmoja wa kuosha magari alipofunga sponji kwenye grinda, akamwaga kampaundi, ile polishi kali, akapita ukingoni pale mara mbili tatu akitafuta mng'ao. Kijana hakuwa na nia mbaya. Alitumia alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kilitengenezwa kwa kukata chuma.

Tangu siku hiyo Ami hakuruhusu mashine yoyote iguse gari lake. Kila mwezi alilipaka nta kwa mkono, mlango mmoja leo, mwingine kesho, hadi mkono ukagoma. Gari likapauka. Bluu yake ikawa kama ya shuka lililoanikwa juani miaka mingi.

Julai iliyopita, baada ya sala ya Ijumaa, aliniita kwake Kizingo, hapa Mombasa. Nilipomwamkia na kuitikiwa hakunikaribisha hata kuketi, akanipeleka moja kwa moja uani gari lilipo. "Mwanangu, bega limekataa," akaniambia. "Nitafutie mashine ya polishi, mimi na huyu mjukuu wangu tuitumie hapa hapa nyumbani. Lakini si ile iliyonichomea boneti."

Nikamwomba anipe wiki mbili.

Kazi yangu ni hii ya kurudisha rangi za magari, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni mashine ipi ina nguvu zaidi. Naelewa linakotoka: mtu akiona gari limepauka hudhani ugonjwa mkubwa unataka dawa kali. Kwa gari la zamani swali hilo linapaswa kuja nyuma kabisa. Mbele yake kuna mengine mawili, nayo ni rangi imebaki kiasi gani juu ya bati, na ni mikono ya nani itakayoishika mashine. Kwa Ami, maswali hayo mawili yaliziangusha mashine nzuri moja baada ya nyingine, ikiwemo ile niliyokuwa nimeshaichagua moyoni kabla sijapima chochote.

Gari lenyewe

Peugeot 504 ilizinduliwa mwaka 1968, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Wakenya wa umri wa Ami wanaikumbuka kwa Safari Rally, iliposhinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 kwa mikono ya Jean-Pierre Nicolas. Mimi nikilitazama gari hilo naona buti kwanza. Linashuka kwa mwinamo, kisha linavunjika ghafla kama karatasi iliyokunjwa. Boneti nayo ina mikunjo, na milango ina mbavu inayokimbia toka mbele hadi nyuma.

Kwa anayepiga polishi, kila mkunjo mkali ni mahali pa kuogopa. Rangi ikiwa mbichi huvutwa kutoka kwenye ncha na kukusanyika pembeni, kwa hiyo ikikauka, ncha ndipo inapokuwa nyembamba kuliko kwengine kote. Tena ncha ndipo pedi, yaani sponji ya mashine, inapoegemea kwa uzito wake wote, kwa kuwa sehemu inayogusa bodi ni ndogo. Kovu la Ami liko kwenye ncha, na nimeona makovu mengi ya namna ile, karibu yote kwenye ncha.

Gari la Ami ni la mwaka 1982, bluu tupu isiyo na chembechembe za kumeta. Hilo lilinipa dokezo. Magari mengi ya zama zile yenye rangi tupu yalipakwa tabaka moja la rangi juu ya praima, basi. Magari ya siku hizi yana rangi, kisha juu yake tabaka jingine lisilo na rangi, ambalo mafundi wetu huliita klia. Ukipiga polishi gari la siku hizi unaikwangua klia. Ukipiga polishi gari la Ami unaikwangua rangi yenyewe.

Namna ya kujua ni rahisi. Nilichukua kitambaa cheupe, nikatia tone la polishi laini, nikasugua sehemu isiyoonekana sana. Kitambaa kikawa bluu kwenye paa, kwenye boneti, kwenye buti na kwenye milango mitatu. Kwenye madigadi ya mbele kushoto na mlango wa mbele wa upande huo huo kilibaki cheupe. Nilimtazama Ami, naye akakumbuka: mwaka fulani aligongwa ubavuni na gari la mizigo karibu na Makupa, na fundi akapaka upya. Rangi mbili tofauti kwenye gari moja, kila moja na tabia yake.

Kisha nikatoa kipimo cha unene wa rangi. Hiki ni kidude cha kushika mkononi, unakigusisha kwenye bati, kinakupa unene kwa maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwa ni kama maikroni 70. Paa lilisoma kati ya 95 na 104. Boneti ilikuwa 70 hadi 80 katikati, na ikashuka hadi 58 karibu na mkunjo. Mlango wa nyuma kulia 88. Madigadi iliyopakwa upya 240 na zaidi, na chini ya mlango wa mbele kushoto kipimo kilipita 700, maana yake chini kuna fila, ile inayozibia mabonde ya bati.

Hapa watu wengi hukosea. Kipimo hiki kinasoma kila kilichopo juu ya bati, praima na rangi pamoja. Ile 58 si maikroni 58 za bluu. Praima inachukua sehemu yake, na kipimo hakikwambii ni kiasi gani. Hapo kwenye 58 niliweka alama kwa tepu ya karatasi, nikamwambia mjukuu wake pasiguswe na mashine hata ikiwa ni mashine ya aina gani.

Asiyekuwa na kipimo asikate tamaa. Sumaku nyembamba ya mlango wa friji, ikivikwa kitambaa laini isikwaruze, itakuonyesha penye fila kwa kushika kwa ulegevu au kutoshika kabisa. Haitakupa namba, lakini itakuzuia kuamini kwamba gari zima ni moja.

Kilicholichosha

Kabla ya mashine, nilitaka kujua ni nini tunachokwenda kukiondoa. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na paa la gari hapa halipumziki na jua mwaka mzima. Jua huvunja rangi kutoka juu, ikawa unga mweupe unaobaki kwenye kiganja ukipapasa. Ugonjwa huo wa unga unatibika, kwa sababu chini yake rangi iko hai. Kwa gari lenye klia, klia ikishaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka, hakuna mashine itakayoirudisha, hapo ni kupaka upya. Mteja akija na gari la hivyo mimi humwambia mapema asipoteze pesa.

Ugonjwa wa pili ulikuwa maji. Nyumbani kwa Ami kuna kisima, na maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi. Kwa miaka gari limeoshwa kwa ndoo ya maji ya kisima na kuachwa likauke lenyewe, kwa hiyo boneti na paa vilijaa viduara vyeupe. Wa tatu ni kunguru, hawa wenye shingo ya kijivu waliotoka Bara Hindi wakaizoea Mombasa kuliko wenyeji. Kuna mwembe juu ya ukuta, na wao ndiko wanakolala. Kinyesi chao kikikaa siku mbili juani kinaila rangi, kinaacha shimo lenye kina. Mashimo ya namna hiyo hayaondoki yote. Ukiyafuata mpaka mwisho utafika praima. Nilimwambia Ami tangu siku ya kwanza kwamba mengine tutayapunguza makali tu, naye akakubali. Mazungumzo hayo yafanywe kabla mashine haijanunuliwa, kwa sababu anayetaka gari lisilo na doa hata moja atanunua mashine kali, na mashine kali itampeleka kwenye praima.

Mashine zilizoanguka

Grinda niliiondoa kwa sentensi moja. Grinda ya kawaida ya milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya polishi ya kuzunguka hufanya kazi kati ya 600 na 3,000. Hata zile grinda zenye kirekebishi cha kasi, kiwango cha chini cha nyingi kinakaribia 2,800, yaani zinaanzia pale mashine ya polishi inapoishia.

Rotari, yaani hiyo mashine ya polishi ya kuzunguka, ilistahili kufikiriwa kwa heshima. Ndiyo mashine ya mafundi rangi wetu, inapatikana Mwembe Tayari hadi Majengo, pedi zake zinauzwa kila duka la vifaa vya gereji, na tulitajiwa ya bei nafuu kwa shilingi 8,000. Inazunguka kwenye mhimili mmoja, haisimami hata ukiilemea, na kwa rangi ngumu inakwangua haraka kuliko zote. Namjua fundi mmoja Majengo anayeishika rotari ya kilo 3 kama mwandishi anavyoshika kalamu. Anaibana pedi upande mmoja tu, anaicheza kasi kwa kidole, anajua joto la bati kwa kiganja cha mkono wa pili. Kama gari lingekuwa linapelekwa kwake, ningesema rotari na nisingeongeza neno.

Lakini rotari husugua kwa upande mmoja tu, nukta ile ile, na joto linakusanyika pale. Bati la gari likiwa juani Mombasa mchana ni la moto tayari kabla hujawasha kitu. Ongeza joto la msuguano kwenye ncha yenye rangi nyembamba, umepata kovu la pili. Na hata usipochoma, rotari isiyo na mkono mzoefu huacha michirizi inayotambaa kama mafuta juu ya maji, na kwenye bluu iliyokolea michirizi hiyo inaonekana kila jua likipiga. Anayeshika mashine hii ni mzee mwenye bega bovu na kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kupiga polishi chochote zaidi ya viatu. Rotari ikaanguka kwa sababu ya mikono yao, si kwa kosa lake yenyewe.

Kulikuwa na rotari nyingine iliyonitia tamaa kwa siku mbili. Duka moja la vitu vilivyotumika lilikuwa na mashine ya Kijapani, safi, imetunzwa, bei yake ndogo kuliko hadhi yake. Niliigeuza nikasoma kibandiko: volti 100. Muuzaji akasema nibadilishe plagi tu. Umeme wetu ni volti 240. Plagi haibadilishi umeme, inabadilisha umbo la meno. Mashine ile ingewashwa mara moja, ingelia kwa nguvu, na moshi ungetoka. Ingefaa tu kwa transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha, nayo ni nzito na ina bei yake. Bandari yetu inaleta vifaa kutoka kila upande wa dunia, kwa hiyo anayenunua kifaa kilichotumika asome kibandiko kabla hajasoma bei. Rahisi huvunja upishi.

Ikabaki familia ya pili, ile inayoitwa DA, kifupi cha dual action, yaani mwendo wa aina mbili. Hii pedi yake inazunguka, na wakati huo huo kitovu chake kinayumba katika duara dogo. Kwa hivyo hakuna nukta inayosuguliwa kwa njia ile ile mara mbili mfululizo, joto linasambaa, na michirizi ya rotari haitokei. Zaidi ya hapo, nyingi zina mhimili ulio huru: ukiilemea kupita kiasi au ukiigonganisha na ncha, mzunguko wenyewe unasimama, inabaki kutetemeka. Kwa fundi mwenye haraka hilo ni udhaifu. Kwa mjukuu wa Ami hilo ndilo breki.

Kuna DA za aina nyingine ambazo mzunguko wake unalazimishwa kwa gia, kama XC 3401 ya Flex ya Ujerumani. Haisimami hata kwenye mikunjo. Ni mashine nzuri, na ukiniuliza ya kazini kwangu ningeitaka. Lakini ile breki niliyoisema haina, bei yake ingenunua mashine kadhaa za kawaida, na sikupata hapa mjini duka la kuniahidi vipuri. Ikaanguka.

Za betri nilizifikiria kwa sababu stima hupotea. Nikahesabu: kwa gari zima zinatakiwa betri mbili au tatu za kupokezana, na betri ndizo zenye bei kuliko mashine yenyewe. Kazi ya Ami haina haraka. Stima ikipotea watakunywa kahawa, ikirudi wataendelea.

Nilipokosea

Sasa swali lilikuwa upana wa kuyumba. Kila DA ina namba yake kwa milimita, 8, 12, 15, 21, ambayo ndiyo kipenyo cha duara la kuyumba. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo pedi inavyosafiri zaidi kwa kila mzunguko, na kazi inakwenda haraka kwenye bati pana. Moyoni nilikuwa nimeshachagua 21. Ndiyo ninayoitumia mimi kwa magari makubwa ya siku hizi, na boneti ya gari la kifamilia la leo ni kama uwanja.

Niliazima ya 21 kwa mwenzangu wa Nyali, nikaipeleka Kizingo. Kwenye paa la Pijo ilikwenda vizuri mno, nikafurahi. Nikaiteremsha mlangoni, kwenye ile mbavu. Nilikuwa nimechora mstari kwa kalamu nzito kwenye ukingo wa sahani inayoshika pedi, jambo ambalo namshauri kila mwenye DA alifanye: mstari ukionekana kama duara lililofifia, pedi inazunguka, ukiuona umesimama mstari, inatetemeka tu. Pale mbavuni mstari ulisimama. Nikainyoosha, ukazunguka. Nikasogea sentimita 10, ukasimama tena.

Nikampa mjukuu. Alifanya kile anachofanya kila mtu asiyejua: ilipoacha kuzunguka, akabonyeza. Ikasimama zaidi. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, na sasa ikawa inapasha joto sehemu moja bila kusafisha chochote. Ami alikuwa kwenye kiti cha mlangoni, akainuka. Hakusema neno, lakini niliona anatazama boneti, lile kovu.

Niliizima. Mashine yangu ninayoipenda haikufaa gari lile wala mikono ile, na ningekuwa nimewanunulia bila kuijaribu, wangeichukia kisha wangerudi kwenye grinda au kuacha kabisa.

Tulichonunua

Wiki iliyofuata tulikubaliana na duka moja watuuzie DA ya milimita 15, yenye sahani ya milimita 125, wati 900, uzito kama kilo 2 na nusu, kwa sharti kwamba tuijaribu kwanza. Bei ilikuwa shilingi 17,500, zaidi ya mara mbili ya ile rotari ya 8,000. Haina jina kubwa. Niliangalia mambo matatu tu. Kwanza, ikiwashwa hewani isirushe mkono. DA ina uzani ndani yake unaosawazisha sahani ya ukubwa maalumu, na ukibadilisha sahani kwa ndogo sana mashine inaanza kutikisa mpaka vidole vinakufa ganzi. Kwa bega la Ami, hilo lilikuwa muhimu kuliko wati. Pili, kasi ipande polepole toka chini, isiruke na kurusha polishi ukutani. Tatu, brashi za kaboni, zile za ndani ya mota zinazolika, zipatikane. Nilimwambia muuzaji anitolee jozi moja nizione kwa macho, nikazinunua hapo hapo. Hewa ya bahari inakula mota, na mashine inayokosa brashi za shilingi chache inakuwa jiwe la kuzuilia mlango.

Kwenye mbavu ya mlango, mstari wa kalamu ulizunguka. Ulipunguza kasi, lakini haukusimama. Mjukuu akajaribu, ukazunguka. Akalemea, ukasimama, akalegeza, ukaendelea. Baada ya dakika tano mkono wake ulikuwa umeshajua kiasi cha kulemea bila mimi kumwambia.

Na ule mvunjiko wa buti, na ile sehemu ya 58 kwenye boneti? Hakuna sahani ya milimita 125 inayoingia pale kwa usalama. Kuna watu wangenishauri ninunue na mashine ndogo ya milimita 75. Nilikataa. Maeneo yale, yakijumlishwa, hayajazi meza ya chai, na mkono wenye kitambaa unayamaliza kwa asubuhi moja. Pesa hizo tulinunulia sponji.

Hilo la sponji nalisisitiza. Rangi ya tabaka moja ikisuguliwa inaingia kwenye sponji, inaganda na polishi, na baada ya bati moja sponji inakuwa kama kigae. Kwa gari lenye klia ningefika mbali na sponji tatu. Kwa Pijo tulinunua nane, laini zote isipokuwa mbili, na tulizibadilisha na kuziosha bila kuchoka.

Kazi

Tulianza kila siku baada ya Alfajiri, tukaacha jua likishafika ukutani. Ilikuwa msimu wa kusi, bati lilikuwa baridi mpaka karibu saa tatu. Polishi ikipakwa kwenye bati la moto inakauka kabla haijafanya kazi, inakuwa unga unaokwaruza.

Gari lilioshwa kwa maji ya bomba, si ya kisima. Chembe ya chumvi iliyobaki kwenye rangi ikiingia chini ya pedi ni sawa na mchanga. Tukapitisha udongo laini wa kung'oa uchafu ulioganda, tukaziba mikunjo na raba zote kwa tepu ya karatasi, tukavaa barakoa, kwa sababu rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake si la kuvuta. Waya wa ekstensheni tuliukunjua wote. Ukiachwa umezungushwa kwenye gurudumu lake huku unavuta umeme, unapata moto.

Usiku wa kwanza tulifanya jambo ambalo mashine haihusiki nalo. Tulipaka boneti na paa mafuta ya kung'arishia yasiyo na mchanga wowote, kwa mkono, tukayaacha mpaka asubuhi. Rangi kavu ya tabaka moja inayanywa. Asubuhi bluu ilikuwa tayari imekolea kidogo, na hiyo ilikuwa kazi ambayo pedi haikuhitaji kuifanya.

Kisha mraba wa majaribio, sentimita 40 kwa 40, nyuma ya paa. Sponji laini, polishi laini, kasi namba 4 kati ya 6, mkono ukisogea taratibu kama sentimita 3 kwa sekunde, mapito manne. Tulipofuta, mjukuu alicheka kwa furaha. Ilikuwa bluu ambayo yeye hakuwahi kuiona kwenye gari hilo maishani mwake. Nami nikajua hatutahitaji kampaundi kali kwa sehemu yoyote yenye rangi ya asili. Ile madigadi yenye klia ilikuwa kinyume: polishi laini iliteleza juu yake bila kufanya lolote, tukatumia sponji ngumu na kampaundi. Pale unene ulituruhusu.

Tulipima tena. Boneti iliyosoma 74 ilisoma 73, pengine 75, inategemea umekigusisha wapi. Kipimo chenyewe huweza kukosea kwa maikroni mbili au zaidi, kwa hiyo namba hizo hazinipi fahari. Ushahidi ninaouamini ni sponji. Mapito ya kwanza zilitoka zimepauka, bluu ya maziwa, huo ni unga wa rangi iliyokufa. Mapito ya mwisho zilianza kutoka na bluu safi iliyoiva. Hapo ndipo niliposema basi, kwa sababu kuanzia hapo tungekuwa tunakula rangi iliyo hai.

Viduara vya maji vingi vimeondoka. Mashimo ya kunguru yapo, yamelegea makali, unayaona ukiinama. Juu ya yote tulipaka kinga ya sintetiki ambayo inastahimili joto kuliko nta ya kawaida, na gari limehamishwa kutoka chini ya mwembe.

Paa, boneti, buti na upande wote wa kushoto vimekwisha. Ami hupiga bati moja kila Jumamosi asubuhi, dakika ishirini halafu anapumzika, na bega halijalalamika. Nilimuuliza kama angependa nimtafutie fundi aguse lile kovu la boneti kwa brashi na rangi inayofanana. Akapita kidole juu yake. "Liache, mwanangu," akasema, kisha akamwambia mjukuu alete sponji safi, mlango wa nyuma kulia ulikuwa bado.